Kifaransa asubuhi, Kijerumani jioni, na vyote vinanivuruga

Shikamooni walimu wa safu hii,

Nina miaka 20, nimeanza mwaka wa kwanza wa diploma ya utalii katika chuo kimoja hapa Arusha. Chuoni Kifaransa ni somo la lazima. Vipindi ni Jumanne na Alhamisi asubuhi, kwa muda wa saa mbili kila siku. Kaka yangu anapandisha wageni mlimani, na anasema wageni wanaozungumza Kijerumani hawakosekani Kilimanjaro. Basi akanilipia kozi ya Kijerumani ya miezi mitatu, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja.

Sasa ni wiki ya sita na nimevurugikiwa. Juzi mwalimu wa Kijerumani aliniuliza, "Sprichst du Englisch?" (Unazungumza Kiingereza?) Nikajibu, "Oui, un bisschen." Darasa zima likacheka. Kwenye jaribio la Kifaransa nimepata 9 kati ya 20. Nimeandika "und" badala ya "et" mara tatu, na le na la naziweka kwa kubahatisha. Namba ndizo zinanimaliza kabisa.

Si kwamba sisomi. Nina kaunta buku moja nimeligawa safu tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na kila usiku nakaa nalo mpaka saa sita. Mama yuko Moshi, anasema niache lugha moja nisije nikafeli chuo. Kaka anasema ada yake isipotee. Je, niache? Kama ni kuacha, niache ipi? Na kama siachi, muda niugawe vipi? Naogopa pia hata Kiingereza changu kitaharibika.

Mwenye Ndimi Nyingi, Sakina

*

Marahaba, mdogo wetu.

Usiache lugha yoyote kabla kozi uliyolipiwa haijaisha, ila kuanzia leo acha kuzisoma kama mapacha. Lile kaunta buku la safu tatu ndilo linalokufundisha kuchanganya. Ukitafuta neno la "na" kichwani unakuta "et" na "und" kwenye mstari mmoja, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyeziweka hapo. Lifunge. Nunua madaftari mawili yasiyofanana hata kwa rangi, na usiyafungue yote mawili kwenye mkao mmoja.

"Oui, un bisschen" si dalili ya kichwa kizito. Anayejifunza lugha mbili ngeni zikiwa bado changa, akikosa neno katika moja mara nyingi hulichota kwenye ile nyingine changa. Kwa kawaida hachoti kwenye lugha anayoimudu, ndiyo maana hukumjibu mwalimu "Ndiyo, kidogo". Na yanayovuja zaidi ni maneno madogo. Flughafen na aéroport (uwanja wa ndege) hazigombani sana, ukisimama pale KIA utakumbuka ipi ni ya nani. Ugomvi uko kwenye viunganishi na vijineno vinavyotoka mdomoni bila kufikiriwa. Kwa hiyo wiki hii shughulika navyo peke yake. Kwa Kijerumani chukua und, aber, mit, auch, sehr, hier, jetzt (na, lakini, pamoja na, pia, sana, hapa, sasa). Kila kimoja kitungie sentensi nzima inayokuhusu, mfano "Ich komme aus Moshi, aber ich wohne jetzt in Arusha", uitamke kwa sauti mara kumi kila siku. Wiki ijayo fanya hivyo hivyo kwa et, mais, avec, aussi, très, ici, maintenant, ambayo maana zake ni zilezile. Usizipange jozi jozi.

Sasa swali la mama. Tupige hesabu kidogo. Kijerumani unapata saa 6 kwa wiki, na kwa wiki 12 ni saa 72, yaani vipindi 96 vya dakika 45. Kifaransa ni saa 4 kwa wiki, na muhula wa wiki 15 unakupa saa 60. Ngazi ya kwanza, A1, kwa Kifaransa hukadiriwa kuhitaji saa 60 hadi 100 za darasani, na Kijerumani hakiko mbali na hapo. Kwa hiyo mzigo wako unabebeka. Ila mwambie kaka ukweli huu: A1 haikupi kazi ya kuongoza wageni. Inakuwezesha kujitambulisha, kuagiza chakula na kuuliza njia. Kueleza kwa nini nyumbu wanahama, au kumtuliza mgeni aliyeumwa kichwa juu ya kambi ya Horombo mlimani, kunahitaji angalau B1, yaani ngazi ya tatu. Kwa Kifaransa hiyo ni jumla ya saa 350 hadi 400 za darasani, na Kijerumani nacho hakiko mbali na hapo. Mwongozaji mwenye B1 moja ana kazi, mwenye A1 mbili ana salamu mbili.

Ndiyo maana lugha moja iongoze na nyingine ifuate. Kwa upande wako tungeiachia Kijerumani iongoze. Tayari kina saa nyingi zaidi, na sarufi yake inakujia mapema, kiasi kwamba ukiteleza wiki mbili kurudi ni kazi. Kifaransa kilinde kisishuke chini ya alama za kufaulia. Wiki moja kabla ya mtihani wa chuo geuza, Kifaransa kipewe muda mkubwa na Kijerumani kibaki na marudio tu. Na kama jaribio lijalo la Kifaransa litakuwa tena chini ya nusu, punguza jioni moja ya Kijerumani bila kuona haya, maana diploma ndiyo iliyokuleta mjini.

Kukesha hadi saa sita acha. Maneno yaliyosomwa kwa usingizi asubuhi hayapo. Dakika 65 kwa siku zinatosha, siku sita za wiki: 40 za Kijerumani na 25 za Kifaransa, kimoja asubuhi kabla ya uji na kingine jioni. Siku zako ngumu ni Jumanne na Alhamisi, zenye Kifaransa asubuhi na Kijerumani jioni. Siku hizo, ukishatoka kwenye kipindi cha Kifaransa usikiguse tena, somo lake ulirudie kesho yake asubuhi. Halafu fika kozi ya jioni dakika 10 mapema, ukae pembeni, usome kwa sauti mazungumzo ya somo lililopita na uhesabu moja hadi thelathini kwa Kijerumani. Ile "oui" ilitoka kwa sababu uliingia darasani ulimi bado uko kwenye lugha ya asubuhi.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Kozi zote za A1 hufuata karibu mtiririko mmoja: salamu, kujitambulisha, namba, familia, chakula, saa. Madarasa yako mawili yatagongana kwenye mada ileile karibu wiki ileile, na hapo ndipo kuchanganya hukomaa. Huwezi kuwapangia walimu, lakini kadi zako za maneno unaweza. Mada ikigongana, tengeneza kadi za Kijerumani kwanza. Za Kifaransa zisubiri wiki mbili, isipokuwa yale maneno ambayo mwalimu ametangaza kuwa yatatoka kwenye jaribio.

Kadi zenyewe kata kutoka karatasi za manila, vipande 16 kwa ukubwa wa A4. Manila nyeupe iwe ya Kijerumani, ya njano iwe ya Kifaransa. Nyuma andika Kiswahili au chora, usiandike Kiingereza, la sivyo utakuwa unavuka mito miwili kila unapotaka kusema "mkate". Nomino ya Kijerumani iandike pamoja na kijineno chake, kwa kalamu ya bluu ikiwa ni der, nyekundu ikiwa ni die, kijani ikiwa ni das. Za Kifaransa ziandike na un au une, si le au la, kwa sababu mbele ya irabu vyote viwili hugeuka l' na jinsia inajificha: l'éléphant haikuambii kitu, un éléphant inakuambia. Chukua maneno mapya 8 ya Kijerumani na 5 ya Kifaransa kwa siku. Rudia kila kadi baada ya siku 1, 3, 7, 14 na 30, na ukiikosa irudi mwanzo. Maneno 8 kwa siku sita za wiki, kwa wiki 12, ni 576. Orodha ya A1 ya Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, ina maneno 650 hivi, kwa hiyo utakuwa umekaribia. Kama simu yako inaruhusu, AnkiDroid ni programu ya bure na inakupangia hizo siku yenyewe. Lakini kadi za mkononi hazimalizi bando.

Kuhusu le na la kwa kubahatisha, hapa wewe una bahati ambayo Mwingereza hana. Umekua na ngeli. Hakuna aliyewahi kukueleza kwa nini mti ni "huu" na kiti ni "hiki", na bado hukosei, kwa sababu uliyasikia pamoja na upatanisho wake. Jinsia za nomino zichukue kwa njia hiyohiyo, usitafute mantiki. Tahadhari ni moja, lugha hizi mbili hazikubaliani. Twiga ni la girafe na ni die Giraffe, hapo sawa. Simba ni le lion na der Löwe, bado sawa. Lakini pundamilia ni le zèbre kwa Mfaransa na das Zebra kwa Mjerumani, na kifaru ni le rhinocéros huku na das Nashorn kule. Kwa hiyo usikisie jinsia ya lugha moja kwa kuangalia nyingine. Tena Kijerumani kinabadilisha kijineno kufuatana na kazi ya nomino katika sentensi. Unapomwonyesha mgeni mnyama unasema "Dort sehen Sie eine Giraffe", "Dort sehen Sie ein Zebra", lakini "Dort sehen Sie einen Elefanten". Ni zile za der tu zinazogeuka hapo, na tembo anaongezewa mkia pia. Zishike hizo sentensi tatu kama zilivyo, kanuni itakuja baadaye.

Sehemu ambayo Kiswahili hakikusaidii ni "yeye". Sisi "a-" inatosha kwa baba na mama, wao wana er na sie, il na elle. Wanafunzi wengi wa hapa wanamwita mama "er" kwa miezi. Eleza sentensi tano kuhusu mama yako, kisha tano kuhusu kaka, kwa sauti, mara tatu kwa wiki. Na kwa wageni usitumie "wewe" ya kirafiki, du ya Kijerumani wala tu ya Kifaransa, hata kama wao ni vijana wenzako. Ni "wewe" ya heshima, Sie na vous, mpaka wao wenyewe wakuambie vinginevyo.

Namba. Tatizo si kumbukumbu yako. Kijerumani kinaanza na mamoja: 24 ni vierundzwanzig, yaani nne na ishirini. Kifaransa kinaanza na makumi kama sisi, ila kikifika 70 kinakuwa sitini na kumi, 80 ni nne mara ishirini, na 92 ni quatre-vingt-douze. (Mrundi au Mkongomani utakayekutana naye mjini atakuambia septante na nonante kwa sabini na tisini, kama Mbelgiji. Usimsahihishe.) Zoezi lake ni la bure. Ukiwa kwenye kifodi, soma namba za magari yanayopita. T 482 ni vierhundertzweiundachtzig kama leo ni zamu ya Kijerumani, au quatre cent quatre-vingt-deux kama ni zamu ya Kifaransa. Lugha moja kwa safari moja. Ukiweza kusema 5,895 ya Kilimanjaro bila kusimama, fünftausendachthundertfünfundneunzig, hiyo ni kazi yako ya kesho inayofanyiwa mazoezi leo.

Saa ina mtego mkubwa zaidi, na huu ukimpata mwongozaji unampotezea wageni. Chukua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwanza uigeuze iwe 6:30. Kifaransa kinasema six heures et demie, kama "na nusu" yetu. Kijerumani kinasema halb sieben, nusu ya kuelekea saba. Ukisema "halb sechs" umewaamsha wageni saa nzima kabla ya gari kufika. Na wao wakikuambia halb sieben ukaelewa 7:30, watakusubiri saa nzima getini. Mpaka uwe na uhakika, sema sechs Uhr dreißig. Ni Kijerumani sahihi, na ndivyo inavyosomwa kwenye ratiba.

Kwenye matamshi kuna nafuu, kwa sababu sauti moja inakulipa mara mbili. U ya Kifaransa katika tu na rue ndiyo ü ya Kijerumani katika Tür: tamka "i" huku midomo umeiviringa kama ya "u". R zao zote mbili zinatoka kooni, karibu na gh ya "ghali" inavyotamkwa na watu wa pwani. Huku kwetu wengi tunasema "gali", kwa hiyo irudie gh yako kwanza. Ch ya Kijerumani katika acht ni kh ya "Subalkheri". Za puani za Kifaransa ndizo zinazowashinda wengi: bon isiishie na ng', ulimi usiguse popote, pumzi ipite puani basi.

Jambo moja la matamshi linagusa sarufi, nalo ni miisho. Kwa Kiswahili nafsi iko mbele: naona, unaona, anaona. Kijerumani kina ich na er mbele, lakini na kitenzi chenyewe hubadilika: ich sehe, er sieht, wir sehen, na unayasikia yote. Kifaransa kinaandika parle, parles, parlent na kutamka vyote sawa, hivyo sikio lako linategemea kiwakilishi kilicho mbele, "je", "tu" au "ils". Ukitoka kwenye Kifaransa utaanza kumeza miisho ya Kijerumani. Mwalimu atadhani hujui sarufi, kumbe umeihamisha tabia. Pia angalia mpangilio: "leo tunaona" ni aujourd'hui nous voyons, lakini heute sehen wir. Kitenzi cha Kijerumani kinataka nafasi ya pili hata ukianza na "leo".

Kwa kusikiliza, DW ya Ujerumani na RFI ya Ufaransa zote zina matangazo ya Kiswahili, na zote zina masomo ya bure ya lugha zao kwenye intaneti. Tumia masomo ya A1 kwa sasa. Habari zinazosomwa polepole kwa Kijerumani ziache mpaka uvuke B1. Ukifika huko sikiliza kwanza habari za siku kwa Kiswahili, ndipo za Kijerumani, maana mada kubwa za siku huwa zilezile na utajua unatafuta nini. Wa kuzungumza naye hukosi. Arusha na Moshi kuna vijana wa Kijerumani wanaojitolea kwenye shule na vituo, na wengi wanahangaika na Kiswahili. Mkubaliane nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili, saa ikiwekwa mezani, mahali pa wazi, bila fedha kuingia. Kwa Kifaransa, Alliance Française iko hapa hapa Arusha. Na kama unadhani Kifaransa ni cha watalii tu, kumbuka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko mjini kwako na inakitumia, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2021.

Kiingereza hakitaharibika. Kitachelewa kidogo mdomoni siku mbili tatu za mitihani, kisha kinarudi.

Wiki ya 12 ya kozi, jirekodi kwa simu dakika mbili kwa kila lugha ukijieleza bila karatasi. Hesabu maneno yaliyovuja kutoka lugha nyingine. Yakiwa matatu au chini, endelea na zote kwa mpangilio huu. Yakizidi kumi, malizia kozi ya Kijerumani na usijiandikishe ngazi ya A2 mpaka mitihani ya chuo ipite. Vyeti usivifanye mwezi mmoja. Goethe A1 hufanyika Goethe-Institut Dar es Salaam, alama ya kufaulu ni 60 kati ya 100. DELF A1 ya Kifaransa inataka 50 kati ya 100, lakini sehemu ziko nne za alama 25 na ukipata chini ya 5 katika moja umeanguka hata kama jumla inatosha. Wengi wanaangukia kusikiliza kwa sababu wamesoma vitabu tu.

Na kaka asiishie kwenye ada. Mwambie akurekodie maelezo anayowapa wageni getini asubuhi: muda wa kutembea, maji lita ngapi, nani anabeba nini, dalili za kuumwa na mwinuko. Yapunguze yawe sentensi 12 fupi za Kiswahili, umpelekee mwalimu wa jioni akusaidie kuziweka kwa Kijerumani, mbili kwa wiki.